Ni Mguu au ni Breki

Habari ya wifi yangu Salhiya kugonga watu Darajani ilifika Chukwani kabla ya Salhiya mwenyewe. Mwanzo tuliambiwa kagonga mkokoteni wa machungwa. Kisha akaja jirani kuazima mbuzi ya kukunia nazi, naye akasema machungwa yale yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe kalazwa. Mpaka laasiri kulikuwa na mtu mlangoni anauliza maziko ni saa ngapi. Hapo ndipo Salhiya akaingia uani na gari yake, akazima injini, akateremka na kikapu cha samaki, akauliza mbona watu wamejaa.

Hakuna aliyegongwa. Gari ilisimama karibu mno na mkokoteni, mwenye machungwa akaruka pembeni na kusema maneno ambayo Salhiya hakutaka kuyarudia mbele ya watoto. Nikayapata baadaye jikoni, yote. Aliniambia kuwa alikanyaga breki, akakanyaga tena, na pedeli ikawa ngumu kama jiwe la kaburi. Ilimbidi aiegemee kwa uzito wote aliojaaliwa, na bahati yetu ni kuwa Salhiya si mwembamba.

Salhiya ni mke wa marehemu kaka yangu Ubwa. Ubwa alipofariki nilikuja kukaa naye kwenye eda. Eda ikaisha, mimi sikuondoka. Yumo pia mwanawe Mudrik, anayefanya kazi ya ofisini bandarini, na mkewe Sumaiya, na watoto wao, na siku zote wamo wageni wa kutoka Chwaka waliokuja mjini kwa daktari wakapona na bado wapo. Mimi nyumba ikiwa tupu nnaumwa, kwa hiyo hapa nina afya njema.

Gari ilikuwa ya Ubwa. Ni gari ndogo ya Kijapani, kuukuu, inamzidi Sumaiya umri. Alipoiacha, kila mtu alidhani itauzwa, lakini Salhiya akatafuta mtu wa kumfundisha, akajifunza akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na wapo waliokuja kukaa kwenye baraza yetu makusudi kumtazama akirudi nyuma. Akawacheka wote. Tangu hapo yeye ndiye anayetupeleka arusini na misibani, na ndiye anayekwenda Chwaka, kwao, kila akipata nafasi, kwa dada yake Mwatum anayelima mwani. Anaondoka na mchele na sukari, anarudi na samaki na habari. Bila gari ile, Salhiya angekuwa mama wa watu wazima aliyekaa akisubiri apelekwe. Hilo alikuwa analijua, na mimi nnalijua.

Jioni ile Mudrik aliporudi kazini aliwasha gari, akakanyaga breki. Laini. Akaenda nayo mpaka mwisho wa njia, akarudi. Laini. Akateremka, akafunga mlango polepole, akatazama miguu ya mama yake.

"Mama," alisema, "labda ni mguu."

Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. Angegomba, Salhiya angemjibu. Alimwambia tu kwamba miguu hii imemlea yeye, akaingia ndani.

Basi nyumba ikagawika. Kuna waliosema mguu, kuna waliosema breki, na kuna mgeni mmoja wa Chwaka aliyesema hasada. Mudrik alipoondoka asubuhi tukaingia garini mmoja mmoja kujaribu pedeli wenyewe. Mimi nilikanyaga mara chache ikagoma kabisa. Sumaiya akakanyaga ikagoma. Mgeni akakanyaga kwa miguu miwili ikagoma, akasema mnaona. Tukampigia simu Mudrik kazini kwa furaha kumwambia kuwa mama yake ana haki. Akatuuliza kama injini ilikuwa inawaka. Tukamwambia imezimwa. Akasema injini ikiwa imezimwa, breki ya gari yoyote inakuwa ngumu ukishaikanyaga mara kadhaa, hata ikiwa mpya, na tafadhali tutoke garini.

Mimi si mtu wa kuambiwa tu nikanyamaza. Nikamtafuta Machano.

Machano ni fundi wa Kiembesamaki. Hana gereji; gereji yake ni uwanja wa mtu yeyote mwenye gari mbovu. Alikuja mchana, akatoa salamu, na kama ilivyo kwetu, fundi hashiki spana na njaa. Alikaa barazani akaletewa chai ya tangawizi, mkate wa kumimina na muhogo wa nazi, akaulizwa hali ya mama yake, na ya kesi ya shamba la babu yake, na kama ni kweli kwamba jirani yake kaoa kwa siri. Ilikuwa kweli. Alipomaliza, akanawa, akaliendea boneti.

Nilisimama karibu naye kiasi cha kumkera, maana nilitaka kujua. Alinionesha nyuma ya injini, upande wa dereva, dude jeusi la mviringo kama sufuria iliyofunikwa. Wao wanaliita busta. Injini inanyonya hewa kutoka ndani yake kwa kupitia mpira, na huko kunyonya ndiko kunakousaidia mguu. Kusipokuwepo, breki bado ipo, ila ni mguu wako peke yake dhidi ya gari nzima. Kwa hiyo, alisema, breki ikiwa ngumu tunaanzia hapa.

Aliingia garini na injini imezimwa, akapampu pedeli mpaka ikawa ngumu, akaacha mguu juu yake, kisha akawasha. Nikauona mguu wake unashuka wenyewe taratibu. Akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa: injini ikinyonya hewa, pedeli inazama. Kisha akataka sote tunyamaze asikilize kama kuna hewa inayovuja chini ya dashibodi. Kunyamaza katika nyumba yetu si jambo dogo. Mtoto mmoja alilia, mwengine akamnyamazisha kwa kelele zaidi, mgeni akaniuliza mimi ananyamaza kwa sababu gani. Machano hakusikia mvujo wowote. Akachomoa kijidude cha plastiki kilichoko kwenye mpira, kinachoruhusu hewa ipite upande mmoja tu. Akakipuliza huku, ikapita. Akakigeuza akapuliza, mashavu yakamvimba, haikupita. Kizima. Oili ya breki imejaa. Busta kavu, haikuvujiwa na oili.

Akanifungia boneti usoni kwa heshima, akasema gari ni nzima. Hakusema zaidi, ila alipokuwa anaaga alimuuliza Salhiya kama huwa anasikia ganzi.

Kuanzia siku ile Salhiya alianza kujipaka mafuta ya karafuu kwenye goti. Mwanzo alikuwa akifanya kwa siri, baadaye hadharani. Nikamwona anashuka ngazi kwa kushika ukuta. Mtu mkimwambia mguu wake mbovu, na yeye akauangalia mguu huo kutwa, utaanza kuuma tu.

Nikafuatana naye Chwaka, kwa mwani wa Mwatum na kwa uchunguzi wangu. Nilikaa mbele, na kila akikanyaga namuuliza. Kutoka nyumbani, laini. Dunga, laini. Chwaka tukasimama kwa Mwatum, tukala, tukasengenya kidogo, tukarudi. Njia nzima ya kurudi hakuna pa kukanyaga sana, ni ng'ombe tu hapa na pale. Tulipoingia mjini kwenye msongamano nikamuuliza. Ya kwanza, laini. Ya pili, ngumu. Ya tatu, jiwe.

"Unaona, wifi," aliniambia, macho yako njiani, "nikifika mjini mguu ushachoka."

Sauti yake haikuwa na ubishi hata kidogo, nikaogopa. Maana kweli, ukitaka kusema mguu, kila kitu kinasema mguu: mwanzo wa safari mzima, mwisho wa safari hauna nguvu. Mimi nilikuwa naishuku gari, lakini sikuwa na la kumtetea Salhiya. Machano, tuliyempigia simu njiani, alikuja mara ile ile tulipofika, mtu muungwana, akaletewa chai, maana hakuna aliyekuwa mwehu wa kumwacha na kiu, akala na samaki wa Chwaka, akaambiwa habari za Chwaka. Kisha akajaribu breki. Pedeli ikazama kama siagi.

Mudrik hakushangilia. Alikaa na mama yake sebuleni na mlango wazi, kwa hiyo sote tulisikia. Alisema hataki kupigiwa simu siku moja kutoka Darajani aambiwe kuna mtu chini ya gari, na mtu huyo si machungwa. Kuna mtu wa Fuoni, anaitwa Bakar, anaitaka gari; ataichukua baada ya Sikukuu. Yeye Mudrik atampeleka mama yake Chwaka kila Jumapili.

Salhiya aliuliza, na Jumatatu? Na akifa mtu Jumanne? Mudrik alirudia tu, Jumapili. Na mimi nilimwelewa, sitasema sikumwelewa. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na kama ni mguu, basi alikuwa na haki.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Salhiya akaomba jambo moja, aende Chwaka kwa mara ya mwisho akiendesha mwenyewe, ampelekee Mwatum tende na unga. Mudrik akakubali, nifuatane naye, na twende polepole. Siku hiyo hiyo alikuwa amepanga Bakar aje kuitazama gari, na Machano aje kumhakikishia kuwa ni nzima. Sikuambiwa. Kama ningeambiwa, Salhiya angejua kabla hatujafika Kiembesamaki.

Tulirudi kiasi cha adhuhuri. Jua kali, mji umejaa watu wanaonunua vya futari, Salhiya kakanyaga breki tangu Darajani mpaka midomo imemkauka, na saumu peke yake isingemkausha vile. Tulipoingia uani tukawakuta wanaume watatu wamesimama kivulini: Mudrik, Machano, na mtu mwenye koti la suti katika joto lile, nikajua huyu ndiye Bakar.

Salhiya akamwona, akaelewa. Akanyoosha mkono kwenye ufunguo azime.

Machano akamwambia asizime. Alikuwa na gari nyengine inamsubiri Mazizini, na mchana wa Ramadhani hakuna wa kumkalisha barazani. Hata salamu zilikuwa fupi. Akamwomba Salhiya ateremke, akaingia yeye, kiti bado moto, injini inanguruma. Akakanyaga breki mara moja. Akakanyaga tena. Akakanyaga mara ya tatu na nikaona bega lake linapanda.

"Mudrik," alisema, "njoo uweke mguu wako hapa."

Mudrik akaingia. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Alikanyaga kama mtu anayekanyaga kitu anachokijua, uso ukabadilika, akakanyaga kwa nguvu zaidi mpaka mgongo ukabana kiti. Aliangalia chini, kana kwamba kuna mtu kaweka tofali nyuma ya pedeli. Bakar naye akaomba kujaribu, na koti lake, akatoka akisema yeye alikuwa ametaka gari ya kumpa mkewe.

Machano alikwishafungua boneti. Akatuita, na mimi nilikuwa nshafika. Injini inawaka, inatetemeka, na ule mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ulikuwa umelala bapa. Umejinyonya wenyewe. Ubavu umeshikana na ubavu, kama utumbo wa mbuzi uliokamuliwa. Hapiti hata inzi, seuze hewa. Machano akamwambia Mudrik azime. Akazima, na sote tukainama. Mpira ukaanza kuvimba. Taratibu, pole pole, ukajaa, ukawa duara, ukawa mpira mzuri kabisa ambao mtu yeyote akifungua boneti atauona na kusema hauna kasoro.

"Washa," Machano alisema.

Ukalala.

"Zima."

Ukaamka.

Hapo nyumba nzima ikatoka. Sumaiya na unga mikononi, watoto, mgeni wa Chwaka, jirani wa mbuzi ya nazi. Kila aliyefika alitaka aoneshwe tangu mwanzo, na Mudrik akawa anawasha na kuzima, anawasha na kuzima, hana hasira hata kidogo, na yeye mwenyewe anatoa kichwa dirishani kutazama. Machano akaminya mpira kwa vidole, akauachia haraka kwa moto. Laini mno, alisema, laini kama wa kitoto. Mpira wa breki unatakiwa uwe mnene, una nyuzi ndani, haujali moto wala kunyonywa. Huu ukiwa baridi unajikaza, safari ikiwa ndefu unapata moto, unalegea, na injini inauziba. Breki ya kwanza inatumia mnyonyo uliobaki ndani ya busta, kwa hiyo inakuwa nyepesi. Ya pili haina kitu.

Akaugeuza kidogo asome maandishi ubavuni. Akatoa kicheko kifupi, akajipiga paji la uso. Ulikuwa mpira wa jiko la gesi. Aliutia yeye mwenyewe, siku ya kuamkia Sikukuu Kubwa, ule wa zamani ulipopasuka na maduka ya spea yamefungwa na sisi tuna arusi. Kulikuwa na kipande kilichobaki jikoni tulipofungiwa jiko. Alisema utatuvusha mpaka maduka yafunguliwe. Maduka yakafunguliwa, arusi ikapita, bibi arusi kashazaa, na mpira umo humo humo.

"Lakini ulikuja mara mbili ukatazama," Mudrik alimwambia, na kweli lilikuwa swali, hakumlaumu.

Machano akafikiri. Alisema mara zote mbili gari ilikuwa baridi. Mudrik akasema mara ya pili haikuwa baridi, mama alikuwa ndio kwanza katoka Chwaka. Wote wawili wakasimama wakitafuta ule moto umekwenda wapi. Sumaiya ndiye aliyesema, huku anapukuta unga.

"Si alikuwa anakunywa chai."

Watu wakaanza kunitazama mimi. Nikawaambia kuwa Waislamu hawamwachi mgeni na njaa, na anayeona vibaya asile kwangu futari. Machano alicheka mpaka akashika boneti. Alisema mkate ule wa kumimina ulimchelewesha yeye mwenyewe, maana ilibidi akate tena. Na ndivyo ilivyokuwa: tukimtia moto fundi, gari inapoa. Ingekuwa si Ramadhani, tungemkalisha tena, na Bakar angeondoka na gari.

Salhiya alikuwa kakaa kwenye ngazi ya mlango muda wote huo, hakuja kutazama mpira. Nikamfuata. Nilidhani ataruka kwa furaha. Alikuwa anajipapasa goti polepole, akaniuliza kwa sauti ya chini mbona basi unauma kweli. Machano alimsikia. Akamwambia, Bi Salhiya, mtu yeyote akisukuma jiwe miezi yote hiyo mguu utamuuma, hata mimi. Hapo ndipo alipoinama na kujifunika uso kwa ncha ya kanga, na mimi nikawageuza watoto waende ndani.

Mudrik alimwambia Bakar kuwa gari haiuzwi, na Bakar akasema hata ingeuzwa. Kisha Mudrik akaja akachutama mbele ya mama yake. Hakuomba radhi kwa maneno, si mtu wa maneno, ila aliuliza ni duka gani la spea linauza mpira wenye nyuzi ndani, na alipoambiwa, akaondoka jua lile lile na saumu yake kwenda Darajani. Alirudi nao karibu na magharibi. Machano akaufunga siku ya pili baada ya alfajiri, na safari hii Mudrik alisimama pale kuhakikisha kila kibano kimekazwa.

Lakini kuona mpira kwa macho ni jambo moja, na kumwamini mama yako barabarani ni jengine. Jumapili ile Salhiya alisema anakwenda Chwaka. Mudrik akasema naye anakwenda. Akakaa mbele, kiti changu, mimi nikarushwa nyuma na kapu la tende. Salhiya aliendesha kama siku zote, si haraka si pole, akisalimia anaowajua kwa honi. Kwenda hakukuwa na neno. Kurudi, tulipokaribia mji, nikaanza kuuliza kama zamani. Ya kwanza, laini. Ya pili, laini. Pale penye watu wengi akasimama kwa mama mmoja aliyekuwa anavuka na ndizi kichwani; gari ikatulia kimya kabisa, hata samaki wa Chwaka kapuni hawakusogea. Ya tatu, laini.

Nilimtazama Mudrik kwa nyuma. Shingo imemkakamaa. Kila mama yake alipokaribia gari ya mbele, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga zulia kwa nguvu zote, anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, na jasho linamtoka.

Salhiya alimwacha mpaka tukapita Mwanakwerekwe. Kisha akasema, bila kumgeukia:

"Mwanangu, pumzisha mguu. Gari hii ina breki moja, na iko huku kwangu."